Meza ya jikoni Likasi: vipimo vyake, uzito wake na vumbi lake

Nyumba mpya ikifika kwenye finisaji kule Likasi, jimbo la Haut-Katanga, kitu kinacholeta mabishano mengi kati ya fundi na mwenye parsele ni jiko. Akina mama wengi bado wanapikia nje kwenye mbabula, zaidi sana siku SNEL imekata umeme. Lakini ndani kila mutu anataka meza ndefu iliyoshikana na ukuta, yenye evye upande mmoja, yenye karo au jiwe la kung'aa juu. Wengi wanaiita kwa Kifaransa tu, plan de travail. Kikula, Panda, Shituru na komine ya Likasi yenyewe zina vijana wengi wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanaanza kama wasaidizi wa masoni, wanabeba simenti na maji, kisha siku moja patro anawapa meleze mkononi na kusema: kata hapa.

Ndiyo siku hiyo hatari inaanza, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ni mji wa mawe. Shaba ya Shituru, chokaa ya Kakontwe, malakiti inayouzwa kandokando ya barabara ya Lubumbashi na Kolwezi: familia nyingi zina mzee aliyefanya kazi Union Minière au Gécamines, na wazee hao wanajua kwamba vumbi la jiwe linaingia kifuani na halitoki. Ajabu ni kwamba elimu hiyo ya mgodini haikufuata kazi ya nyumbani. Mutu ambaye baba yake alivaa maski chini ya udongo anakata granite ndani ya jiko la mita tatu kwa nne, dirisha moja, bila maji, kitambaa tu puani.

Kipimo kinaanza kwa mpishi

Meza za jikoni kwa kawaida zinafika kati ya sentimita 85 na 90 kutoka chini, na upana wake ni karibu 60. Hizo ni namba za vitabu. Fundi mzuri anamwita kwanza mwenye kupika, anamwomba asimame wima na kukunja mkono, anapima toka chini hadi kiwiko, kisha anatoa sentimita 10 hadi 15. Kwa mama wa mita 1,55 meza itakuwa chini kidogo ya ile ya kitabu, na mgongo wake utashukuru.

Kuko pia jambo la bukari, ambalo vitabu vya Ulaya havilijui. Kusonga bukari kunataka nguvu ya mabega kutoka juu. Ukiweka resho juu ya meza ya sentimita 90, na sufuria kubwa juu ya resho, mama anasonga mikono ikiwa karibu na kifua, sufuria inateleza, na maji ya moto yanamwangukia yeye au mtoto aliyesimama karibu. Kwa sababu hiyo fasi ya resho inapaswa kushuka, sentimita 65 au 70, hata kama mwenye nyumba anaona meza ya ngazi mbili haipendezi macho. Mbabula yenyewe haina fasi juu ya meza hiyo wala ndani ya jiko lililofungwa: makala yanatoa gazi isiyo na harufu ambayo inaua watu wakiwa usingizini, na joto lake linapasua karo.

Kisha ukuta. Hakuna ukuta ulionyooka kabisa, wala kona mbili zinazofanana. Njia ya kujaribu kona ni ya zamani na haigharimu kitu: pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja, weka alama, pima 80 kwenye ukuta wa pili, weka alama, toka alama hadi alama lazima upate 100. Ukipata 101 kona imefunguka, ukipata 99 imejifunga. Kwa meza ya karo, kosa la sentimita moja linafichwa na simenti. Kwa bamba la jiwe halifichiki, kwani jiwe likifika limekwisha kukatwa na pesa imekwisha kulipwa.

Basi wale wanaoweka mawe wanatengeneza kwanza gabari ya karto ngumu au tripleksi nyembamba. Wanaikata mpaka ikae kimya kwenye fasi yake, imefuata kila tumbo la ukuta, wanaandika juu yake upande wa mbele, upande wa evye na fasi ya robine, kisha wanaipeleka yenyewe kwenye atelie. Anayepeleka namba kwenye karatasi tu, au mbaya zaidi kwenye simu, anacheza na bahati. Upana upimwe mara tatu, nyuma, katikati na mbele, kwa sababu namba hizo tatu ni nadra kulingana.

Kwa usawa, nivo ya hewa ya sentimita 60 inatosha kwa kipande kifupi. Kwa meza ya mita tatu inayozunguka kona, tiyo ya plastiki inayoonyesha maji ndani ni sahihi kuliko nivo nyingi za bei ndogo zinazouzwa sokoni. Maji hayadanganyi, lakini lazima kila povu la hewa litoke ndani ya tiyo kabla ya kusoma, na tiyo isikanyagwe. Nivo yenyewe inajaribiwa kwa kuigeuza: isome, igeuze kichwa kwa mkia fasi ile ile, isome tena. Ikisema maneno mawili tofauti, imekufa.

Beto: chuma kiko upande gani?

Meza nyingi za Likasi ni beto iliyomwagwa pale pale kisha kuvikwa karo, kwa sababu bei inawezekana na vifaa viko karibu. Beto ya sentimita 8 yenye upana wa 60 ina uzito wa kilo 115 hivi kwa kila mita moja ya urefu. Mbao za kofraji na miti inayozishika lazima zibebe uzito huo pamoja na fundi anayeegemea juu.

Kosa linaloonekana zaidi ni la chuma. Meza inayolala juu ya vikuta viwili inavutwa upande wa chini inapobebeshwa mzigo, kwa hiyo feri za mm 8, kila sentimita 15 au 20, zinakaa chini ya beto, zikiinuliwa sentimita mbili na vipande vya simenti ili zisigusane na mbao. Lakini meza inayotoka ukutani kama rafu, bila kikuta mbele, inavutwa upande wa juu. Hiyo inataka chuma chake juu, na chuma hicho kiingie ndani ya ukuta na kushikwa sawasawa. Vijana wanajifunza aina moja na kuirudia kila fasi. Meza ya rafu yenye chuma chini inakaa miezi kadhaa vizuri, kisha siku mtoto anapanda juu yake inavunjika kwenye ukuta.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za changarawe. Maji yasizidi nusu ya uzito wa simenti, yaani lita 25 hivi kwa saki ya kilo 50, pamoja na maji yaliyo tayari ndani ya mchanga. Uji mwepesi unamwagika kwa urahisi, na ndiyo maana wasaidizi wanaupenda, lakini unaacha beto laini. Mchanga utoke mtoni au kwenye karieri inayojulikana. Udongo wa mabaki ya viwanda vya shaba na kobalti haufai, hata kama ni bure na uko karibu: una madini na chumvi ambazo hazitakiwi fasi inayokatiwa mboga, na salfati inakula simenti polepole.

Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano hadi wa tisa, hewa ya Likasi ni kavu na beto inakauka juu kabla ya kushika ndani. Inafunikwa na magunia, na magunia yanamwagiwa maji siku saba kwa uchache. Miti ya chini ibaki wiki mbili, na tatu ni bora. Mwenye nyumba anayesukuma fundi aondoe kofraji siku ya nne kwa sababu sherehe iko Jumamosi ndiye atakayelipa mara ya pili.

Simenti mbichi inachoma ngozi. Haionyeshi mara moja, haiumi kama moto. Mutu anapiga magoti ndani yake asubuhi, na jioni ngozi ya magoti imekuwa jeraha. Glavu za kauchu, buti na kuosha mara moja kwa maji mengi vinatosha. Ikiingia jichoni, maji safi yapite dakika 15 au 20 bila kusimama, kisha hospitali.

Jiwe la kweli na jiwe la kiwanda

Wenye uwezo wanataka bamba, na bamba hizo kwa sehemu kubwa zinatoka mbali. Granite ya sentimita 3 ina uzito wa karibu kilo 80 kwa mita ya mraba. Kipande cha mita mbili kwa sentimita 60 kinakaribia kilo 100, na ya sentimita 2 ni kilo 65 hivi. Bamba linabebwa likisimama kwa ubavu, sawa vile kioo cha dirisha. Likilazwa na kubebwa na watu wawili, linajikunja katikati kwa uzito wake na kuvunjika, mara nyingi kwenye tundu la evye, ambapo limebaki ukanda mwembamba mbele na nyuma. Njia inapimwa kabla: mlango, kona ya koridoro, ngazi. Anayetembea kinyumenyume ndiye anayevunja mguu.

Pembe za tundu la evye zisikatwe kwa ncha kali. Toboa kwanza kila pembe kwa meshi ili ibaki mviringo, halafu unganisha. Ufa wa jiwe unapenda kona kali. Chini ya bamba kuwe na kishikio karibu kila sentimita 60 na pembeni ya evye pande zote mbili; upande wa mbele unaweza kutoka nje sentimita mbili au tatu ili maji yasitiririke kwenye milango ya kabati. Likipita sentimita 25 bila kitu chini, ni mtego. Acha milimita tatu kati ya jiwe na ukuta, zijazwe silikoni, kwani ukuta mpya bado unatembea. Silikoni hiyo inaachwa saa 24 kabla ya kufungulia maji.

Sokoni watu wanauziwa marumaru kwa jina la granite. Njia ya kujua ni tone la limau au siki kwenye kipande kilichobaki. Likichemka kidogo au kuacha doa lisilong'aa, ni marumaru au jiwe la chokaa, na halitavumilia nyanya na ndimu za jikoni. Malakiti ni hivyo hivyo. Wapo wanaoomba vipande vyake vya kijani vipambwe kwenye meza, na kweli ni vizuri kutazama. Lakini ni jiwe laini, asidi inaliyeyusha, na kile kinachoyeyuka ni shaba. Likae kwenye meza ya sebuleni. Vumbi lake pia ni sumu kwa anayelisugua.

Vumbi lisiloonekana

Ndani ya granite, mara nyingi robo hivi ya jiwe ni silika, na inaweza kufika karibu nusu. Lile jiwe la kiwanda linaloitwa kwatsi, lililotengenezwa na unga wa mawe na gundi, linaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Karo za granite-serame na beto zina yake pia. Disiki inapokata, silika inakuwa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, linabaki hewani kwa masaa baada ya lile la kuonekana kuanguka, na linashuka hadi mwisho wa mapafu. Mapafu yanajaribu kulifunga kwa makovu. Makovu yakizidi, mutu anakosa pumzi akipanda ngazi, baadaye akitembea, baadaye akiwa amekaa.

Ugonjwa huo ni silikosi, na dawa ya kuuponya haiko. Mgodini ulichukua miaka 10, 20 au zaidi kuonekana. Kwa wakataji wa jiwe la kiwanda ulionekana haraka zaidi: Israel na Uhispania waliandika juu ya vijana waliougua baada ya miaka michache, wengine wakihitaji kubadilishiwa mapafu. Australia ilichoka kujadiliana na kupiga marufuku jiwe hilo toka tarehe 1 Julai 2024. Kongo hakuna katazo kama hilo, kwa hiyo bamba ambazo nchi nyingine zimekataa zinaweza kuletwa hapa kwa bei nzuri. Mwenye silikosi pia anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mutu mwingine, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi hilo si jambo la pembeni. Fundi anayekohoa wiki mbili na zaidi amwambie daktari kwamba anakata mawe. Daktari asiyejua kazi yake ataangalia upande mmoja tu.

Kinga ya kwanza ni kutokata ndani. Jiwe likatwe kwenye atelie kwa mashine ya maji, na gabari iwe sahihi mpaka nyumbani pabaki kulaza tu. Hapo ndipo kipimo na afya vinapokutana: kila milimita iliyokosewa kwenye gabari inarudi kama dakika ya kusaga ndani ya jiko. Kwa karo, kareleti ya mkono inachora mstari na kuvunja. Haina moto, haina kelele, na vumbi lake ni kidogo sana. Meleze ibaki kwa matundu na pembe tu, na ifanyike nje, maji yakidondoka kwenye mstari wa kukata, mkataji akisimama upande upepo unakotoka.

Maji na umeme vinagombana, na meleze ya kawaida haikutengenezwa kulowa. Iwe kwenye laini yenye dijonkta diferansieli ya 30 mA, waya usilale ndani ya maji, na maji yadondoke kwenye jiwe, si kwenye mota. Kama haiwezekani, kata kavu lakini nje kabisa, na maski ya kweli, FFP2 kwa uchache na FFP3 ni bora, iliyoshika uso. Ndevu zinafungua njia. Kitambaa cha pamba kinazuia mchanga, hakizuii silika. Baada ya kazi usifagie kavu. Mwaga maji au tumia kitambaa chenye maji. Nguo za kazi zisiingie na kusukutwa ndani ya nyumba ambamo watoto wanalala.

Na maziwa? Mafundi wengi wanakunywa maziwa jioni wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na vumbi liko kwenye mapafu.

Disiki na umeme unaorudi

Kwenye kila disiki imeandikwa idadi ya mizunguko ambayo haipaswi kupitwa. Disiki ya mm 230 inavumilia karibu mizunguko 6.600 kwa dakika, ile ya mm 125 karibu 12.200. Zote mbili, ukifanya hesabu, mdomo wake unakimbia mita 80 kwa sekunde. Sasa, kuko tabia ya kuondoa kifuniko cha meleze ndogo ili kufunga disiki ya mm 180 ikate ndani zaidi. Meleze ndogo inazunguka mara 11.000, mdomo wa disiki hiyo unafika zaidi ya mita 100 kwa sekunde, na inaweza kupasuka. Vipande vinaruka usawa wa shingo na uso, na kile kifuniko ambacho kingevizuia kiko ndani ya sanduku. Miwani ya kinga ni lazima hata kwa kukata karo moja.

Hatari nyingine ni ya kwetu kabisa. Umeme unakatika katikati ya kazi, fundi anaweka meleze chini ikiwa swichi bado imefungwa kwenye "kuwaka", anakwenda kunywa maji. SNEL inarudisha, na mashine inaruka peke yake sakafuni ikitafuta mguu. Umeme ukikatika, kwanza swichi, pili toa fishi. Grupu ikiwashwa kuchukua nafasi ya SNEL, ikae nje mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake ni gazi ile ile ya mbabula.

Anayetaka kujifunza

INPP, taasisi ya serikali ya kuandaa watu kwa kazi, ipo toka mwaka 1964, na kituo chake cha Lubumbashi kiko karibu kilomita 120 kutoka Likasi. Lakini kwa wengi shule ni patro. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inautambua mkataba wa kujifunza kazi na inataka uandikwe. Wachache sana wanao. Hata ukurasa mmoja, wenye muda, posho, na nani ananunua maski na kulipa hospitali, unabadilisha mazungumzo siku ya ajali. CNSS ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi, lakini linamfikia aliyeandikishwa. Kijana wa kulipwa kwa siku kwa kawaida hayumo. Asiye na miaka 18 hapaswi kupewa meleze kabisa.

Patro mzuri anatambulika haraka. Miezi ya kwanza hampi kijana mashine. Anampa metele, karto na kisu, anampeleka kwenye jiko ambalo meza yake imekwisha kuwekwa, na kumwambia atengeneze gabari yake. Kisha wanailaza juu ya jiwe pamoja na kutazama inatofautiana fasi gani. Kosa la karto linagharimu karto.